Wazamiaji wenye Vibali: Siku ya Mishipi na Mikuki Florida

Kiswahili chetu kina raha yake. Neno moja tu, kuzamia, na tayari una habari mbili mkononi. Kuna kuzamia kwa kwenda chini ya maji, na kuna kuzamia kwa yule kijana wa mtaani aliyejificha kwenye meli pale bandarini, akaibukia Ulaya bila hata kitambulisho. Sasa mpenzi msomaji, kule Florida Keys, ule mkufu wa visiwa vilivyoning'inia kusini kabisa mwa jimbo la Florida, Marekani, nimekuta samaki anayetimiza maana zote mbili.

Wenyewe wanamwita kwa jina la simba. Ana mistari myekundu na myeupe kama kanga, mapezi yamesambaa kama manyoya ya tausi, na ana miiba 18 yenye sumu. Ukoo wake ni wa Bahari ya Hindi na Pasifiki, yaani ni wa kwetu kabisa. Kule Marekani alionekana kwa mara ya kwanza mwaka 1985, karibu na Dania Beach, na inaaminika watu waliokuwa wanamfuga kwenye matangi ya nyumbani walimchoka wakamtupa baharini. Hana viza, hana makaratasi, na hakuna samaki wa kule anayemtambua kama adui. Jike moja linaweza kutaga mayai hata milioni mbili kwa mwaka. Basi anakula vitoto vya samaki wa wenyeji kama yuko kwenye harusi ya bure. Serikali ya Florida imemruhusu kila mtu amchome: hakuna msimu, hakuna idadi, na ukitumia mkuki wa fimbo huhitaji hata leseni.

"Huyu ndugu yetu," aliniambia shemeji yangu huku akicheka, "ndiye mzamiaji pekee ambaye Wamarekani wanalipa watu wamtoe kwa mkuki."

Nilicheka na mimi. Ila siku ile hakuwa yeye samaki aliyetutoa jasho.

KIKOSI CHENYEWE

Ilikuwa Jumamosi ya mwezi Juni 2024. Tulikuwa watano botini. Nahodha, mwenye boti, ni Mzanzibari wa umri wa makamo aliyekaa Marekani zaidi ya miaka ishirini, mtu wa maneno machache na kofia yake haijawahi kufuliwa. Mmombasa, dereva wa malori ya masafa, aliyeendesha usiku kucha kutoka Tampa ili awahi. Shemeji, kijana wa Tanga, fundi wa mitambo ya viyoyozi. Shosti wangu, mke wa Shemeji, nesi wa kitengo cha dharura. Na mimi dada yenu, mgeni kutoka Dar niliyelipa dola 17 za leseni ya siku tatu ili nami niitwe mvuvi.

Majina yao nayaweka kapuni kwa sababu utakayoiona mbele.

Maana kabla ya boti kuondoka kulikuwa na jambo. Shosti hakuwa shabiki wa safari ile. Mwezi Machi mumewe alimwambia anakwenda kuvua na wenzake watatu. Jioni akarudi na samaki, kapiga na picha. Shosti akaziangalia zile picha moja baada ya nyingine. Katika zote kulikuwa na kimtumbwi kimoja cha plastiki, kasia moja, na kivuli cha mtu mmoja. Jamaa alikuwa amezamia na bunduki ya mshale peke yake, katikati ya maji, akina mama na mtoto wako nyumbani wanajua yuko na kundi.

Wanawake wenzangu mnaelewa. Kilichomuuma zaidi kilikuwa ule uongo, kuliko hata bahari. Wiki tatu nyumba ile ilikuwa ya "chakula kipo mezani" na "mtoto kalala". Walipopatana, Shosti alitoa masharti mawili tu: hazamii mtu peke yake, na safari ya kwanza yeye mwenyewe atakuwepo. Kwa hiyo pale gatini Marathon, saa kumi na mbili asubuhi, wakati wanaume wanapanga mapezi ya miguuni na mikanda ya risasi, yeye alikuwa anauliza swali moja tu, "Nani atakuwa juu?"

Mmombasa akanyoosha mkono. "Mimi, dada. Akishuka yeye mimi niko juu, nikishuka mimi yeye yuko juu. Hatushuki wawili."

SHERIA KWANZA, SAMAKI BAADAYE

Nilidhani Marekani kwa kuwa bunduki zinauzwa dukani, basi na ya samaki ni ruksa popote. Wapi! Ukianzia Long Key kwenda kaskazini, kupiga samaki kwa mkuki kwenye maji ya jimbo ni marufuku. Ndiyo maana tuliondokea Marathon, iliyo kusini zaidi. Ukifika pale kwenye mwamba wa Sombrero, penye mnara wa chuma uliosimama tangu mwaka 1858, unakuta maboya ya njano yamezunguka. Ndani ya maboya hayo unaangalia tu kwa macho, huvui wala huchomi. Pono, huyu huyu tunayemnunua Feri bila wasiwasi, kule ni kosa kumchoma kwa sababu anasaidia kusafisha matumbawe. Kamba-koche wanashikwa kwa mkono, siyo kwa mkuki. Kuna na yule chewa mkubwa kuliko wote, anayeweza kuzidi uzito wa watu watatu wazima: amelindwa tangu 1990, na katika maji ya Keys hadi leo haguswi, hata akikupora samaki wako mbele ya macho yako, na anapora kweli.

Mmombasa naye akanikumbusha kwamba Kenya walishapiga marufuku bunduki za mishale tangu 2001. Kwa hiyo mtu wa Mombasa akitaka kuvua hivi kihalali, inabidi avuke bahari mbili. Wadau wa kwetu msije mkasema gazeti limewatuma.

Boti nayo lazima ipeperushe bendera nyekundu yenye mstari mweupe wa mshazari, kuonyesha kuna watu chini. Boti nyingine zikiiona baharini zinatakiwa zikae mbali, futi 300 hivi. Zinatakiwa. Siku ile moja ilipita karibu mpaka Nahodha akatoa lugha ya Forodhani ambayo siwezi kuiandika hapa.

MISHIPI NI YA WENYE SUBIRA

Tulianza na mishipi. Nahodha alitia nanga kwenye mchanga, siyo juu ya matumbawe, upande ambao mkondo unatoka, ili boti ilale na mgongo wake uangalie mwamba. Kisha akaning'iniza nyuma mfuko wa wavu wenye bonge la samaki waliosagwa na kugandishwa. Linayeyuka taratibu, harufu inakwenda na maji, na baada ya nusu saa unaona chini yenu kumekuwa njano tupu. Hao ni changu wenye mkia wa njano, kitoweo cha kila mkahawa wa Keys.

Hapa kuna ufundi ambao ulinishangaza. Hakuna chubwi. Mshipi mwembamba, ndoana ndogo, kipande cha kamba au ngisi, halafu unauachia mshipi uende wenyewe kwa mwendo ule ule wa chambo kinachoelea. Ukiuzuia kidogo tu, changu anashtuka, anaona chakula gani hiki kinasimama wakati vingine vinatembea. Mimi nilikuwa nauzuia. Shosti alikuwa anauachia, vidole vyake vinaupeleka kama anahesabu tasbihi. Ikifika saa tatu alikuwa na samaki saba waliovuka inchi 12 zinazotakiwa, mumewe hana hata mmoja.

"Shem, vipi, au hao wako wamesafiri?" nikamchokoza.

"Mimi nasubiri kushuka," akajibu, macho yako kwenye maji.

Nikapata na mimi wangu, wa tatu akaishia kichwa. Nilivuta nikaona mshipi umekuwa mzito, halafu mwepesi ghafla, kikaja kichwa cha changu kimekatwa kama kwa panga. Mzia huyo. Nahodha akasema ni kodi ya mapato. Mzia mkubwa kule hawali, na ukisikia sababu hutamtamani. Anabeba sumu inayotoka kwenye vijimwani vidogo vya mwambani, inapanda kutoka samaki mdogo hadi mkubwa, haina harufu wala ladha, na kupika hakuiondoi. Aliyeila anaweza kufika mahali akashika kitu cha baridi akahisi kinaunguza.

CHINI KULE

Saa nne tulihamia mwamba mwingine, nje ya maboya. Mimi nilivaa miwani ya maji, mrija na jaketi la kuokolea, nikaambiwa nielee karibu na boti nisijifanye samaki.

Nitasema ukweli, nilitegemea uzuri zaidi. Matumbawe mengi yamekuwa majivu. Kiangazi cha 2023 maji ya kule yalichemka: tarehe 24 Julai kipimo kimoja cha Manatee Bay, ghuba ya maji mafupi, kilisoma nyuzi 38.4, yaani maji ya kuogeshea mtoto. Yale matumbawe yenye matawi kama pembe za kulungu, ambayo ndiyo yaliujenga mwamba kwa maelfu ya miaka, katika Keys yalikufa karibu yote. Yamebaki magofu, na samaki bado wanakaa ndani ya magofu kwa sababu hawana pa kwenda.

Lakini ukimwangalia mtu anayejua kuzamia, unasahau. Mmombasa ndiye aliyeanza. Analala kifudifudi juu ya maji dakika mbili tatu, hapapatiki, anapumua taratibu. Anavuta pumzi moja, anakunja kiuno, miguu inasimama juu kama mtu anasali kichwa chini, halafu anatoweka bila kelele. Chini anajishika kwenye jiwe na kutulia tuli. Hamfukuzi samaki. Samaki mwenyewe ndiye anakuja kuuliza wewe nani.

Alianza na yule mzamiaji wetu mwenye miiba. Huyo hakimbii, maana kazoea kuogopwa. Mkuki wa fimbo wenye mpira, hatua moja, kwisha. Kisha anamsukumiza ndani ya pipa la plastiki lenye mdomo wa upande mmoja ili miiba isimguse mtu. Ndani ya saa moja waliingia kumi na mmoja. Halafu Shemeji akapata hogfish, samaki mwenye mdomo mrefu kama pua ya nguruwe na nyama laini ajabu. Akampima kwanza kwa jicho kabla ya kufyatua, maana ni lazima awe na inchi 16 na kila mtu anaruhusiwa mmoja tu kwa siku, kuanzia Mei hadi Oktoba. Alipokuja juu nacho, Shosti alipiga makofi. Nilimwona. Alipiga makofi kwa moyo wake wote.

Na pengine ndiyo maana Shemeji akazidisha.

SEKUNDE TANO

Chewa mweusi alionekana kama saa sita kasoro, kwenye mita kumi na nne hivi. Shemeji akashuka, akafyatua, ukapata. Lakini chewa ana mchezo wake: akichomwa anaingia pangoni, anatanua matamvua yake, anakaza kama kabari. Unavuta wewe, anabana yeye. Jamaa akarudi juu, akapumua mara chache za haraka haraka, akashuka tena. Akarudi. Akashuka mara ya tatu.

Hapa nieleze kidogo, maana ndipo watu wanapofia. Kinachokufanya utamani kupumua siyo upungufu wa oksijeni, ni kujaa kwa hewa chafu, kaboni dayoksaidi. Ukipumua haraka haraka kabla ya kushuka, unaitoa ile hewa chafu, kwa hiyo kengele ya mwili inachelewa kulia. Oksijeni haijaongezeka cha maana. Ukiwa chini, mgandamizo wa maji unaibana ile oksijeni kidogo iliyobaki, ubongo unaiona inatosha. Unapopanda, mgandamizo unaachia, na mita kumi za mwisho ndizo mbaya kuliko zote: oksijeni inashuka ghafla, taa zinazimika. Huhisi maumivu wala huoni dalili. Wazamiaji hodari huondoka hivyo, wengine wakiwa wameshatoa kichwa nje ya maji. Ndiyo maana inatakiwa upumzike juu angalau mara mbili ya muda uliokaa chini, na ndiyo maana mwenzako anatakiwa akutazame hata baada ya kuibuka, nusu dakika nzima.

Mara ya tatu alikaa sana. Mmombasa aliacha kuelea, akazamisha uso, akawa anamwangalia moja kwa moja. Shemeji aliibuka mwenyewe. Akavuta pumzi. Akanyanyua kidole gumba na cha shahada kufanya duara la "niko poa", na lile duara halikukamilika. Midomo ilikuwa ya bluu. Kichwa kikaanza kutikisika kama mtu anayesinzia kwenye daladala, kisha uso ukalala majini.

Kabla sijaelewa ninachokiona, mkono wa Mmombasa ulikuwa chini ya kidevu chake. Akamgeuza, akang'oa miwani, akafungua mkanda wa risasi ukaenda zake chini, akampiga kofi dogo shavuni. "Pumua! Pumua, ndugu yangu, pumua!"

Zilikuwa sekunde tano. Labda sita. Kisha akakohoa, akafumbua macho, akamuuliza mwenzake kwa hasira, "Unanishikia nini?"

Hakukumbuka kitu. Kwa akili yake alikuwa ameibuka tu.

Shosti hakupiga kelele. Nilimtegemea apige, mimi nilikuwa nalia tayari. Walipompandisha alikaa mbele yake, akamshika mkono kwenye mapigo, akamwambia avute pumzi ndefu, akaweka sikio mgongoni, akamuuliza leo tarehe ngapi na mtoto wao anaitwa nani. Alipojibu sawa, alimfunika taulo. Baada ya hapo akaenda mbele ya boti, akatupa mgongo, akakaa.

NANI ANASEMA BASI?

Na unajua Shemeji akasema nini? "Niko fiti. Mara moja tu tena, chewa yuko pale na mshale wangu."

Wasomaji wa kike, msikimbilie kumlaani. Nimezungumza baadaye na Nahodha, akaniambia karibu wote waliowahi kuzimika husema hivyo hivyo, kwa sababu kichwani kwao hakuna kilichotokea. Mtu hawezi kuogopa asichokikumbuka. Kwa hiyo ukimwachia yeye aamue, ataamua kushuka.

Mmombasa alikuwa anavua mapezi. Akasema bila kupandisha sauti, "Mimi leo sishuki tena. Na mimi nisiposhuka, wewe huna mtu wa juu."

"Yakhe, usiniharibie siku."

"Niharibie tu. Utaninunia wiki mbili, nitavumilia."

Nahodha alishawasha injini. Kamba ya bunduki ilikuwa bado inaelea na boya lake, akaivuta taratibu kwa boti. Mshale ulitoka mtupu, umepinda.

Njiani hakuna aliyeongea. Daraja la Maili Saba likaonekana mbali, refu kama mstari wa penseli. Nilikuwa nawaza kuhusu urafiki wa kiume, jinsi tunavyousifia kwa yule anayekulipia bia na yule anayekuficha kwa mkeo. Mwezi Machi wapo waliojua jamaa yuko peke yake majini, wakanyamaza, eti mambo ya mshkaji. Huyu mmoja amemkatalia mbele ya mke wake na mbele ya mgeni, na akamwambia amnunie tu. Mimi ningeolewa na mtu mwenye marafiki kama huyu, hata kama marafiki wenyewe ni mmoja.

JIKONI

Jioni nyumbani kwa Nahodha palikuwa na kazi. Samaki mwenye miiba anaandaliwa kwa mkasi mnene: unakata miiba ya mgongoni, ya tumboni na ya nyuma, na baada ya hapo ni samaki kama wengine, nyama yake haina sumu. Nahodha alichomwa mmoja kidoleni kwa kuongea huku anakata. Dawa ni maji ya moto, ya kuvumilika siyo ya kuunguza, unaloweka nusu saa au zaidi, maana joto linaivunja ile sumu. Alikaa na mkono ndani ya bakuli akitoa maelekezo kama mfalme. Changu tukawakaanga. Wale kumi na mmoja Mmombasa aliwachoma juu ya makaa, akawapaka tui zito lenye tangawizi, kitunguu saumu, pilipili na ndimu. Hogfish tulimwacha wa mvuke, chumvi tu.

Shemeji alikula kidogo. Baadaye nikawaona yeye na mkewe nje kwenye ngazi. Sikuwasikia na wala sikujisogeza, ingawa kazi yangu ni umbea. Nilichokiona ni kwamba waliongea kwa muda mrefu, na kuna wakati yeye mwanaume ndiye alikuwa anafuta macho. Shosti aliniambia kesho yake asubuhi tukiwa tunakunja mashuka kwamba mumewe alimuuliza ilikuwaje, sekunde kwa sekunde, akamwomba asimpunguzie chochote. Akamweleza yote, hadi rangi ya midomo.

"Utamruhusu tena?" nikamuuliza.

"Mimi sijawahi kumkataza bahari," akasema. "Huyo ni mtoto wa Tanga, nitamkataza vipi? Ila nataka nijue ukweli wa aliye juu yake ni nani. Nikijua, nalala."

Kabla Mmombasa hajaondoka, Shemeji alileta ile bunduki imefungwa ndani ya mfuko wake, akaiweka nyuma ya gari la mwenzake, chini ya blanketi. Akasema ikae huko. Siku akitaka kuzamia itabidi ampigie simu, na mwenyewe ndiye atakuja nayo. Shosti alikuwa mlangoni na mtoto kiunoni. Hakusema kitu zaidi ya "Haya, tutaona," akaingia ndani kuwasha chai.

Tangu siku hiyo wameshakwenda mara mbili. Bunduki bado inalala Tampa.